Kondoo Wawili Nilioandika Wameliwa na Fisi

Jumatatu, 5 Machi 2007. Kitengela

Vidonge vitano. Chai bila sukari. Hatua kumi hadi mlangoni, pumziko, hatua kumi kurudi.

Daktari anataka kuniwekea stenti, kile kibomba cha waya kinachopanua mshipa wa moyo. Alinieleza polepole kwamba imepakwa dawa, na kwamba mipako ya siku hizi haibanduki kama ya zamani. Niliitikia kwa kichwa kama mtu asiyejua. Ile ya zamani niliipima mimi.

Jumatano, 7 Machi

Niandike kabla sijaogopa tena.

Mwaka wa 1999. Kondoo kumi na wawili katika shamba letu la utafiti, nje ya Kajiado. Kila mmoja na stenti moja moyoni, yenye mpako mpya. Kondoo akifa, kazi yangu ilikuwa kuupasua moyo na kuangalia kama mpako umebanduka na damu kuganda. Parsaloi, aliyewachunga, sikumwambia lolote kuhusu mioyo. Niliona hahitaji kujua.

Jumapili moja wawili walianguka malishoni. Mimi nilikuwa harusini Ewuaso Kedong. Parsaloi akafanya ambalo mfugaji yeyote wa hapa angefanya: akawachinja kabla hawajafa bure. Niliporudi jioni nilipewa ubavu. Nikala. Mke wa Parsaloi, aliyekuwa akila moyo, akatema kitu mkononi.

"Daktari, hawa kondoo wako wanakula waya?"

Watu walicheka. Nami nikacheka.

Stenti ile niliiweka chini ya darubini. Mpako ulikuwa umepasuka kila mahali waya ulipopinda. Nikajiambia ni moto wa kuchomea nyama. Huenda ulikuwa moto. Lakini si moto uliowaangusha malishoni.

Nikaandika: wameliwa na fisi. Wawili hao wakaondolewa kwenye ripoti. Kumi kati ya kumi, salama. Mpako ukapita, ukaenda kwa watu. Parsaloi akafukuzwa kwa uzembe. Barua ya kumfukuza niliitia sahihi.

Ijumaa, 9 Machi

Nimewaandikia watengenezaji wa stenti ile. Barua imejaa "kwa bahati mbaya". Nimeichana. Mwoga hata sasa.

Jumapili, 11 Machi

Binti yangu Naomi amenipeleka Kajiado. Hakujua kwa nini. Parsaloi amezeeka. Ana mbuzi sita.

"Sopa, Daktari! Kumbe bado uko?"

Nikamweleza yote, Naomi akisikia.

"Kwa hivyo ile fisi ni wewe." Parsaloi hakucheka. "Miaka nane naitwa mchungaji wa fisi. Hakuna mtu amenipa mifugo yake tena."

Nikaomba msamaha. Alipunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Na hao watu waliwekewa hiyo kitu? Wako hai?"

Sijui. Sikuwahi kuuliza. Miaka yote hii. Yeye aliuliza papo hapo.

"Basi andikia hao wenye kutengeneza. Sema mimi ndio nilichinja, na wewe ndio ulidanganya."

Jumanne, 13 Machi

Barua ya ukurasa mmoja. Nimeandika alivyosema.

Naomi aliisoma kabla ya kufunga bahasha, akaipeleka posta mwenyewe. Tangu juzi hajaniita Baba. Saa saba ameniletea uji, akauweka mezani, akatoka.

Nimeunywa wote.