Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Mpendwa Mama Mkwe,

Barua hii hutaisoma. Umelala chini ya udongo wa Ravine tangu Alhamisi, na hata ungekuwa hai ungemwita mtu akusomee, kisha umwambie aruke pale ninapojisifu. Naandika hivyo hivyo. Kuna asante niliyochelewa nayo kwa siku moja tu, na inanikera kama jiwe kiatuni.

Unakumbuka nilivyofika kwenu mara ya kwanza: Mmaragoli aliyelelewa kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli Nakuru, baisikeli yake imelemewa na chumvi na miche ya sabuni. Jumanne nilikuwa Rongai, Jumatano Mogotio, Alhamisi soko lenu. Nilijiona mtu aliyekula akashiba dunia. Kumbe nilichojua ni ugali mweupe, omena, na ile chai ya landi inayochemshwa mpaka inasahau ilikuwa majani.

Soko lenu likanifunza. Hapo ndipo nilipokula ugali wa wimbi, mweusi, mzito, ambao ukila asubuhi unapiga pedali mpaka jioni. Hapo nikala saga, mboga ya majani machungu, iliyolazwa usiku kucha kwenye maziwa mpaka uchungu ukaisha. Saga hiyo hiyo mama yangu alitupikia utotoni tukaila huku tumekunja nyuso! Nilikula nikasahau kuuza. Aliyenipakulia alikuwa binti yako Taprandich. Sitasema uongo: wiki ya pili nilirudi kwa ajili ya saga. Wiki ya tatu, la.

Basi ukaniita nyumbani unione vizuri. Ukaniketisha kwenye kigoda, ukaangua kibuyu ukutani. Kilikuwa na ushanga wa buluu shingoni, na ubavuni kulikuwa na ufa ulioshonwa kwa ukano, mshono mdogo mdogo, safi. Ukakitikisa, ukanimiminia mursik, maziwa yenu ya mgando. Mama, niliogopa. Maziwa ya kijivu, yenye chembe nyeusi za mkaa! Nikasema moyoni, hawa watu wamekosa maji. Lakini nilikuwa nataka mke, nikafumba macho nikanywa. Yalikuwa machachu, ya baridi, na yalikuwa na harufu ya moshi iliyobaki kooni hata baada ya kumeza. Nikaomba tena. Ukacheka. Ndiyo mara ya mwisho nilipokuona ukinichekea.

Maana kwetu mgeni mwenye adabu haachi chombo kichafu. Mlipotoka kwenda kukama, mimi nikachukua kile kibuyu, nikakipeleka mtoni na mche mzima wa sabuni. Nikatia mchanga, nikatikisa, nikasugua kwa kijiti. Maji meusi yakatoka, nami nikafurahi: angalia uchafu! Sikuacha mpaka yalipotoka meupe. Nikakirudisha kinanukia, nikakaa kungoja sifa.

Ulikinusa mara moja. "Nani alisema wewe osha?"

"Mimi mwenyewe, Mama. Ni shukrani."

Ilikuwa kwako asante ya punda. Taprandich ndiye aliyenieleza nje, machozi yakimlenga: kile kibuyu ulipewa na mama yako siku ulipoolewa. Ule weusi niliouita uchafu ni mkaa wa mti wa senetwet, uliopakwa ndani miaka nenda miaka rudi, na ndio unaoyafanya maziwa yakae yasiharibike. Kibuyu husuguliwa kwa ufagio wake na maji ya moto, basi. Sabuni ikiingia ndani ya ganda haitoki. Na kweli, maziwa uliyoweka siku ile mlimwagia mbwa, naye mbwa akanusa akaenda zake. Lo! Nilitamani ardhi ipasuke.

Baba mkwe alikubali ng'ombe wangu, nikaoa. Wewe hukukataa, lakini toka siku ile mimi nilikunywa mursik kwa kikombe cha bati. Wakwe wengine, hata yule mlevi wa Londiani, waliwekewa kibuyu mbele yao wakajimiminia. Mimi nilijaziwa kikombe kule ndani, nikaletewa kama mgonjwa. Kile cha ushanga sikukiona tena ukutani, nikajua umekitupa. Miaka sita, Mama! Nilikuletea shuka, nikakuletea chumvi, nikapanda mpaka paa kukuezekea nyumba. Ulisema asante vizuri kabisa, kisha kikombe cha bati kikaja. Nilikuwa nikirudi Nakuru namnung'unikia mkeo wa mwanao, yaani mke wangu, unaona hasira inavyonichanganya! Namwambia, mama yako ana roho ya mawe. Naye ananijibu, "Mama hasahau. Si kwamba anachukia."

Jumatatu Taprandich alirudi kutoka kukuuguza. Alikuwa amebeba kitu kwenye khanga, akakiweka mezani. Ushanga wa buluu. Mshono wa ukano ubavuni. Nikakaa chini.

Akaniambia kwamba hukukitupa. Ulikificha kwenye dari juu ya moto, na kila mwezi ukakishusha, ukakisugua kwa ufagio, ukakipaka mkaa wa senetwet, ukatia maziwa kidogo, ukayanusa, ukayamwaga. Ukakirudisha darini. Miaka sita hiyo! Hata yeye hukumwambia mpaka ulipolala kitandani. Ndipo ukamtuma: "Pelekea yule wa sabuni. Mwambie sasa ni safi."

Kilikuwa kimejaa maziwa yako, nami niliyanywa usiku ule ule, nikijimiminia mwenyewe. Hayakuwa na sabuni hata kidogo. Nililia, na mke wangu alijifanya anapepeta mchele.

Nikapanga kuja Alhamisi, siku ya soko, nikuambie asante nikiwa nimesimama mbele yako. Jumatano jioni dereva wa lori la mbao akatuletea habari. Alhamisi nikafika kama nilivyopanga, nikashika sepetu pamoja na wakwe wengine. Sikupata mtu wa kumpa ile asante. Nimerudi nayo.

Leo kibuyu kilikuwa kitupu. Taprandich alinyoosha mkono akichukue, nikamwambia aache. Wanaume wa landi wamenicheka dirishani, eti Mmaragoli ameolewa. Wacheke. Nimechemsha maji, nikakisugua kwa ufagio wake ulioutuma pamoja nacho, nikachoma kijiti cha senetwet mpaka kikawa kaa jekundu, nikalisaga ndani polepole, nikizungusha, mpaka kuta zote zikawa nyeusi. Imenichukua asubuhi nzima na kidole kimoja kimeungua. Kisha nikatia maziwa, nikafunga.

Mche wa sabuni ulikuwa hapo hapo mezani, Mama. Nimenawia mikono tu.

Asante.

Mkwe wako,
yule wa sabuni