Mwenzake Yuko Wapi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zikufikie huko uliko, na zikukute mzima wa mwili na mtulivu wa moyo. Sisi hatujambo. Mama ni mzima kiasi cha kunigombeza tangu asubuhi kwamba naandika barua wakati nguo za wateja zinangoja pasi. Ukiona mwandiko umepinda, ujue nimeitwa.

Kwenye simu huwa unaniuliza Mama anaendeleaje, kisha unakata kabla sijampa simu. Nimeona niandike, maana barua haikatwi.

Ulipoondoka alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali, kwa hiyo hukuyaona yaliyofuata. Daktari alitueleza kwamba macho yake hayana kasoro, ila kwa namna kichwa kilivyogonga ukingo wa baraza alipoanguka, ubongo wake haushughuliki tena na upande wa kushoto. Nilidhani nimeelewa, mpaka siku alipokula nusu sahani, akaisukuma na kulalamika kwamba anapunjwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nusu ya pili ilikuwa palepale, kushoto. Nikaizungusha sahani. Akakitazama chakula, akanitazama mimi, akataka kujua uchawi huo nimejifunzia wapi. Tulicheka mpaka nikalia.

Alichana nywele nusu. Alivaa kiatu kimoja akataka kutoka. Siku aliyotaka kurudi kwenye cherehani nilikataa, akanipa lile jicho lake unalolijua. Akashona gauni la mtoto wa jirani, akalikunja vizuri, akanikabidhi nipeleke. Lilikuwa na mkono mmoja. Nilimwonyesha. Aliingia chumbani na siku hiyo hakula. Hapo niliogopa kweli, kaka, kwa sababu nilijua kwamba bila cherehani Mama angeishi tu, asingepona.

Kesho yake aliamka kabla yangu. Akafunga kitambaa chekundu kwenye mkono wake wa kushoto, na tangu siku hiyo kila anachokimaliza anakiuliza kwa sauti mwenzake yuko wapi, kisha anageuza shingo polepole mpaka akione kile kitambaa. Kiatu anakiuliza. Kola anaiuliza. Mteja mmoja alinivuta pembeni akataka kujua kama Mama ameanza kuona watu wasioonekana. Nikamwambia anautafuta mkono wa blauzi yako, mwache autafute.

Alifumua zaidi kuliko alivyoshona. Nilipomwambia haba na haba hujaza kibaba, alinijibu kwamba kibaba chake kimetoboka, kwa hiyo atakijaza mara mbili. Na amekijaza. Yule mwalimu anayepima mapindo kwa rula alikuja kuchukua sketi yake, akaigeuza nje ndani, akapekua kila mshono, akalipa bila kupata kasoro. Nimeishi na mwanamke huyu miaka yangu yote nikidhani namjua. Kumbe nilikuwa najua ukali wake tu.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Juzi nilipakua chakula, akaizungusha sahani yake kama kawaida, kisha akanitazama mimi na kuniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikadhani kumbukumbu zimempotea, nikamkumbusha kwamba ulisafiri kikazi. Akasema aliyekimbia hakusafiri. Ndipo akanisimulia habari za ile ngazi aliyoanguka.

Wewe ulituambia kwamba uliiachia ngazi akaanguka, na hukuongeza neno. Mama anasema uliiachia kwa sababu alikuamuru. Mteja alikuwa anabisha hodi, wewe ukamsihi Mama ateremke kwanza, naye akakufokea kwamba yeye si mtoto na kibao cha duka lake atakipigilia mwenyewe. Ulibisha. Akakufokea tena, ukaenda kumfungulia mteja. Anakumbuka yote, hata nyundo aliyokuwa ameishika. Amekuwa akingoja umwombe radhi ili akukatalie, kwa sababu huna kosa, lakini simu haimfikii. Anasema kiburi kilikuwa chake na aibu umeibeba wewe, na mzigo wa mtu haubebwi bila kuombwa. Alilia alipokuwa anasema hivyo. Sikuwa nimemwona akilia tangu aumie.

Pamoja na barua hii utakuta shati. Amelikata kwa kukumbuka mabega yako, futi ya kupimia hakuigusa. Ukilikunjua utaona lina mkono wa kulia tu. Usishtuke, wala usimtafute daktari. Hajasahau. Wa kushoto ameushona, ameupiga pasi, na ameutundika kwenye msumari kando ya cherehani, upande wake wa kushoto, na kila asubuhi anageuza shingo kuhakikisha upo. Amenikataza nisiutume kwa njia yoyote ile.

Wasalimie wote unaoishi nao. Mama hakutumii salamu. Anasema utazikuta nyumbani, zimetundikwa pamoja na huo mkono.

Ni mimi mdogo wako,
Kifungo