Kunyamaza Kwenye Mtihani wa Kiingereza

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia, lakini kukuandikia bila salamu nimeshindwa. Ndivyo ulivyonilea.

Unakumbuka kibandani kwako Kimamba, ukiziba pancha za baiskeli nami nikikushikia pampu? Mteja mzee akiniuliza jambo nikamrukia na jibu, ulinikata jicho. "We binti, mkubwa akikuuliza, tulia kwanza. Inamisha macho, waza, ndiyo ujibu." Nikashika. Kilosa nzima hapakuwa na mtoto mtulivu kama mimi.

Basi utulivu huo ndio ulioniangusha. Nilikwenda Mikumi kufanya mtihani wa kuongea Kiingereza, nipate kazi ya kutembeza watalii. Mtahini, mzee wa makamo, akaniuliza kuhusu tembo. Nikainamisha macho, nikawaza. Jibu ninalo, napanga tu. Yeye akaona sijui kitu, akahamia swali jingine. Nikafeli. Nilikukasirikia, Baba, nawe uko kaburini. Nisamehe.

Madamu Rehema, anayenifundisha jioni, alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, ukiwaza, waza kwa sauti. Sema 'well', sema 'let me think', mtu ajue bado upo." Nikazikariri kama dua, nikapitiliza. Akiniuliza jina langu, najibu, "Well, let me think."

"Hata jina lako unalifikiria?" akasema. "Kwani Kiswahili husemi 'yaani', 'tuseme'? Unayasema yakihitajika tu."

Wiki iliyopita nilirudi kwa mtahini yuleyule. Tembo niliwamaliza vizuri. Kisha akaniuliza ni nani aliyenifundisha kuishi na watu. Nikasema, "Well..." Nikasema, "Let me think..." Kiingereza nilikuwa nacho, Baba. Nilikuwa nazuia machozi. Akaweka kalamu chini, akaningoja. Ndipo nikamweleza habari zako: vidole vyako vyenye grisi, ukali wako, na ulivyokuwa ukimwamkia hata mlevi aliyekuzidi umri. Nikasema mpaka muda ukaisha.

Nimefaulu. Jumatatu naanza kazi. Majirani wanakuja kunipongeza, nami nawashukuru, lakini kila anayepiga hodi naona amekosea nyumba. Pongezi hizi ni zako, na sina pa kuzipeleka ila hapa.

Pumzika, Baba. Nakupenda, na sikuwahi kukuambia.

Binti yako wa pekee