Jembe Ndani ya Gunia

Matiri, Mbinga
28 Machi, 1954

Dada yangu mpendwa Kunigunda,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, mtoto ameacha kukohoa, na mama ameacha kunililia, maana mimi mwenyewe nimeshaacha. Sisi huku ni wazima. Mvua bado zinanyesha, na asubuhi mawingu hulala mlangoni petu kama mbuzi.

Dada, ndoa ni tamu! Kila Raimundi wangu anapopanda kilima kutoka shule ya kati, chaki imemjaa mpaka kwenye nyusi, moyo wangu huruka kama sijawahi kumwona. Nina mengi ya kukueleza, ila isome peke yako. Usimpe shemeji. Mwishoni utajua kwa nini.

Unakumbuka ulivyoninong'oneza siku ya arusi ukinifunga shela, kwamba mwanamume anayependa pori kuliko kitanda achunguzwe? Nilikucheka. Lakini huku kila mtu anajua kwamba shule ikifungwa, Raimundi hubeba blanketi na sufuria, akashuka kwa miguu hadi ziwani, akilala porini njiani. Si kwa shida, nyumba anayo na ina bati. Jirani yetu, Mama Othmar, aliniambia kisimani kwamba mwenye bati halali chini ya miti bure: ama anachimba dawa, ama kule Mbamba Bay yupo mwanamke Mnyasa anayemkaangia usipa, vile visamaki vya ziwani. Wenzake wakacheka, na mmoja akaniuliza kama masista wa shule yetu walitufundisha pia kusoma nyayo.

Nyumbani nako nilikuwa na hofu nyingine. Mama mkwe wangu, Mama Tadea, alikuwa ametangaza kwamba kabla ya kupanda maharage nitachimba ngoro mbele ya wanawake wote wa bondeni. Ngoro si matuta yetu ya Ungoni, dada. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza mtelemkoni miraba miraba, kisha wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifukia nao, pakabaki shimo la kuzuia maji ya mvua. Mwanamume akionekana anachimba, atachekwa mpaka kaburini. Na Mama Tadea aliapa mbele ya watu kwamba hatanifundisha, kwani aliyekiweza Kiingereza hawezi kushindwa na udongo. Bibi arusi anayeshindwa huitwa mgeni hata akizeeka hapa.

Basi shule ilipofungwa nikamwambia Raimundi nafuatana naye. Nilitazamia atababaika. Akafurahi mno, nalo hilo likanitia shaka. Kisha nikamwona anafunga jembe ndani ya gunia. Nikamwuliza la nini. Akasema la kuchimbia mfereji kuzunguka turubai, maji yasituingie. Jembe zima, dada, tena lenye mpini mpya!

Lakini safari yenyewe, laiti ungeiona! Tuliyaacha mashamba ya kahawa, tukaingia miombo iliyolowa, inanuka uyoga na majani. Jioni tulitanda turubai penye mwamba, tukawasha moto wa kumtisha chui, tukala maharage yenye moshi, na kwa mwalimu wangu nikaona vitu ambavyo nyumbani sijaviona. Alikuwa anakoroga ugali kwa mkono wa kushoto. Akanieleza kwamba alizaliwa hivyo kama mama yake, ila seminarini walikuwa wakimfunga mkono huo kwa kamba mpaka wa kulia ukajua kuandika. Tangu utoto ameamshwa kwa kengele, amelala kwa kengele, amesali kwa kengele. Porini hakuna kengele, wala kamba. Huko, alisema, hukutana na yeye mwenyewe. Nikamwuliza huyo mtu wakikutana humwambia nini. Akasema mara nyingi humwambia ana njaa. Nikacheka mpaka nikasahau jembe.

Nilikumbushwa alfajiri. Niliamka, blanketi upande wake limepoa, na gunia halipo. Akarudi jua limechomoza, magoti yana udongo, akasema alikwenda kutafuta kuni. Kuni hana. Kesho yake hivyo hivyo, na safari hii alificha viganja. Tulipofika ukingoni mwa milima ziwa likafunguka chini yetu, la buluu na pana, nikalia kwa uzuri wake. Na papo hapo akapanda mama mmoja mwenye tenga la usipa, akamwita mume wangu mwalimu, akamwuliza kama safari hii amepata wa kumbebea sufuria. Akamjazia kofia samaki, akakataa kulipwa. Dada, wale usipa nilikataa kuwala. Mnyasa niliyetajiwa kisimani nilidhani ndiye, ingawa mvi zilimjaa kichwani!

Alfajiri iliyofuata nikamfuata. Nilijiandaa kwa kaburi, kwa hirizi, kwa mwanamke. Nikamkuta mtelemkoni peke yake, amefyeka nyasi, amezilaza miraba, naye anachimba ngoro! Mbovu, zimepinda kama meno ya mzee. Aliponiona akaficha jembe nyuma kama mwanafunzi aliyekamatwa na embe. Akasema alikuwa anajaribu kukumbuka alivyomwona mama yake akichimba, ili anifundishe mahali pasipo macho ya watu, maana hakutaka wanicheke. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema mwalimu haingii darasani kabla hajajua somo. Viganja vyake, dada, vilikuwa malengelenge matupu. Nilivibusu vyote viwili mbele ya nyani.

Mbamba Bay hatukufika, na yule mama wa tenga nikajua ni mchuuzi tu anayekutana naye njiani kila likizo. Tulibaki palepale tukichimba na kucheka mpaka nami malengelenge yakanitoka.

Sasa sikia kilichotokea hapa juzi. Wanawake walikusanyika, nikashika jembe, nikachimba ngoro zilizonyooka, wakasogea kutazama. Kisha Mama Othmar akainama, akasema kwa sauti kwamba hapa kila mwanamke huanzia kona ya kulia, na huyu ameanzia kushoto. Bondeni kote anayechimba hivyo ni Mama Tadea peke yake. Wakamgeukia Mama Tadea wakipaza sauti: Kumbe kiapo ni cha mdomoni! Kumbe anamfundisha mkwe kwa siri, halafu anatuita kutazama! Raimundi alikuwa ukingoni mwa shamba na mundu wa kukatia nyasi. Mama Tadea akavitazama viganja vya mwanawe, akavitazama vyangu. Akajibu kwamba ndiyo, amenifundisha yeye, na mwenye neno aje alichimbe. Wakanywa togwa wakimcheka mpaka jua linatua, naye akaendelea kuwamiminia.

Dada, anayejua ukweli huu huko nyumbani ni wewe tu. Ukivuka mdomo wako, mume wangu atachekwa maisha, na mama mkwe ataitwa mwongo mara ya pili. Mimi niliyekuwa nikimwogopa, sasa namwita mama bila kulazimishwa. Jioni ile alinijia jikoni na kichupa cha mafuta ya nyonyo ya kupaka malengelenge. Alikiweka mezani, akasema yanatosha mikono minne, akaenda zake.

Msalimie mama, mbusu mtoto, na shemeji mwambie nimeandika habari za mvua tu.

Mdogo wako akupendaye,
Kalista