Dafu la Rehema

Chebet mjukuu wangu,

Huku Sotik tupo, ingawa babu yako bado anakohoa na mvua haijaacha. Umeniuliza kutoka Malindi jinsi ya kutofautisha dafu na nazi. Mimi nilijifunza kwa uchungu.

Nilipokuwa msichana wa kuchuma majani chai, jirani yangu katika kambi ya wachumaji alikuwa Rehema, mzaliwa wa Kilifi. Alipougua sana, aliniomba dafu. Nilizunguka soko lote nikapata moja tu, la kahawia na gumu. Alikunywa yale maji machache, akafumba macho.

"Asante, dada. Hili ndilo dafu lenyewe."

Alifariki wiki hiyo. Dada yake alipokuja kumzika, aliona kifuu jikoni.

"Hii ilikuwa nazi," akaniambia. "Dafu ni changa, nyama yake laini, limejaa maji. Likianza kukomaa ni koroma. Nazi ukiitikisa, maji yanacheza ndani."

Nikamwambia kwamba Rehema mwenyewe aliliita dafu.

"Rehema alikulia kwenye minazi," akasema. "Alijua."

Hapo ndipo nilipolia, Chebet, kuliko hata kaburini.

Mungu akuchunge huko.
Kogo yako