Dakika Nne za Jumatatu

Nyumba ya Toyozumi,
Mtaa wa Juu, Kagenoura,
Mkoa wa Kochi.

Tarehe 3 Oktoba, 2016

Mpendwa mpwa wangu Chigusa,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kufurahi zoezi la dharura linapokwenda vizuri. Nimeliandika hilo kwanza, kabla hata ya kukujulia hali, kwa sababu najua ukifika mwisho wa barua zangu huwa umechoka. Sasa tusalimiane.

Hujambo, mwanangu? Mkwe wetu Norihisa hajambo? Kile kikohozi chako cha majira ya baridi kimekwisha, au kinasubiri theluji kianze upya? Kule Hokkaido nasikia asubuhi mmeshaanza kuwasha jiko la kupasha nyumba joto, na sisi huku bado tunalala madirisha wazi.

Sisi ni wazima. Kimbunga cha mwezi uliopita kilipita mbali, lakini kiliniangushia nusu ya matunda ya kaki uani kabla hayajaiva. Mama yako hajambo. Macho yanamsumbua kidogo, magoti ndiyo yale yale, ulimi ni mzima kabisa. Nimekufungia samaki wa katsuo waliokaushwa. Usimwachie Norihisa afungue kifurushi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi kwamba maktaba yenu imekukabidhi kazi ya kusimamia usalama. Mara ya pili niliona fahari, nikamsomea jirani. Mara ya tatu nilikuta sentensi moja nikavua miwani. Unasema mlifanya zoezi la kutoka nje siku ambayo maktaba imefungwa, ili wasomaji wasisumbuliwe, na wote mkatoka kwa dakika tatu na nusu, mkuu wenu akakupigia makofi. Mimi sikupiga makofi. Nitakueleza kwa nini, na uwe na subira, maana habari yenyewe inamhusu mama yako.

Maktaba yetu unaikumbuka. Mlango wa mbele unatazama bandari. Ule wa dharura uko nyuma, ghorofani, nao unatokea kwenye ngazi ya chuma inayoungana na njia ya mlimani. Wataalamu wa mkoa wametuambia kwamba likija lile tetemeko kubwa la ardhi linalotarajiwa, maji ya bahari yatafika mjini baada ya dakika kumi na tano. Kutoka mlango wa nyuma mpaka uwanja wa hekalu kule juu, kwa magoti ya mama yako, ni dakika nane. Nilimpima mwenyewe, yeye akidhani tunatembea tu. Kwa hiyo za kutoka ndani zimebaki saba. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu wa fizikia.

Kila Alhamisi mama yako yuko ghorofani na kikundi chao cha kusoma kwa sauti. Ni wazee kumi na wanne, na sakafu ya huko juu yote ni mikeka ya tatami isiyokanyagwa kwa viatu, kwa hiyo viatu huachwa chini, kwenye kabati lililo kando ya mlango wa mbele.

Mwezi uliopita nilipita pale nikasoma karatasi iliyobandikwa ubaoni: zoezi la mwaka huu, dakika nne. La mwaka jana, dakika nne. La mwaka juzi, dakika nne. Wazee kumi na wanne, mmoja wao Bi Ikushima anayetembea kwa kusukuma kigari, na kila mwaka dakika nne! Nimefundisha miaka thelathini na sita. Wanafunzi wangu wakiniletea jibu lile lile kutoka kila meza, nilijua kuna meza moja tu iliyofanya kazi.

Basi nilimshuku Bwana Nagamine, mkuu wa maktaba. Nakiri hivyo waziwazi. Ni mtu mpole mno, wa kuinama mara mbili pale ambapo moja inatosha, na upole wa namna hiyo hunitia wasiwasi. Nilikwenda ofisini kwake, akanimiminia chai.

"Bwana Nagamine, hizo dakika nne alizipima nani?"

"Mimi mwenyewe, Mwalimu."

"Kwa saa gani?"

"Ya ofisi."

"Naomba niione."

"Ah, imekwenda kubadilishwa betri." Akaniongezea chai ambayo sikuwa nimeigusa. "Zoezi letu linasifiwa wilaya nzima, Mwalimu. Usiwe na shaka."

Ukiambiwa usiwe na shaka kabla hujasema kwamba unayo, mpwa wangu, hapo ndipo uanze kuwa nayo. Niliondoka nikiwa na hakika kwamba karatasi ile huandikwa kwanza, zoezi likafuata baadaye.

Alhamisi iliyofuata nilikaa ghorofani, karibu na mlango wa nyuma, na gazeti mbele ya uso. Bi Hotta, anayepanga vitabu, alinipita mara nne. Mara ya tano akasimama.

"Mwalimu, kuna mtu unamsubiri?"

"Nausubiri mlango."

"Mlango haujachelewa, uko hapo hapo," akasema. "Ila gazeti unalosoma ni la juzi."

Nilikuwa nimejiona mjanja, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nachunguzwa. Kufikia jioni habari ilikuwa imefika kwa mama yako, naye akaja kwangu bila hata kupiga hodi.

"Kaka, watu wanasema unamwinda Nagamine kama paka. Nitauweka wapi uso wangu Alhamisi? Mtu katuletea kipasha joto cha miguu kwa hela yake mwenyewe!"

"Sumie, mlitokaje kwa dakika nne?"

"Tulitoka tu! Kengele ikalia, tukainuka, tukavaa viatu, tukatoka."

"Mkavaa viatu wapi?"

"Pale pale mlango wa nyuma. Vilikuwa vimeshapangwa, ncha zikitazama nje. Nagamine hutupangia yeye mwenyewe asubuhi, ili tusihangaike."

Niliweka kikombe chini. Nikamuuliza zoezi lilikuwa siku gani. Akanitazama kama anayemtazama mtoto asiyejua jina lake.

"Jumatatu, Kaka. Siku zote ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Unataka wasumbue wasomaji?"

Jumatatu maktaba imefungwa. Jumatatu vitabu vyote viko kwenye rafu, na lile toroli la vitabu vilivyorudishwa liko tupu ndani ya stoo. Lakini mimi Alhamisi nilikuwa nimeliona kwa macho yangu. Lilikuwa limejaa pomoni, limesimama mbele ya mlango wa nyuma, na kando yake viti vya kukunja kumi na viwili na ndoo ya miavuli. Nilikuwa nimekaa saa mbili nikiutazama mlango, nikawaza karatasi, sikuwaza toroli. Ndivyo shaka inavyomfanya mtu: humwonyesha mwizi, ikamficha moto.

Sikukuta uongo, Chigusa. Saa ilirudi na betri mpya, nikaijaribu, ni nzima. Zile dakika nne zilikuwa za kweli kabisa. Ila zilikuwa kweli ya Jumatatu, na mama yako huwa humo ndani Alhamisi.

Nilirudi kwa Bwana Nagamine, safari hii nikainama mimi mara mbili. Nilimwomba tu twende ghorofani, nikamwonyesha mlango. Akaliangalia toroli. Bi Hotta alipokuja mbio kulisogeza, alimzuia kwa mkono.

"Liache hapo hapo, Bi Hotta," akasema. "Alhamisi tutapiga kengele. Asiambiwe mtu."

"Wasomaji je, Mkuu? Watalalamika."

"Watalalamika kwangu."

Hapo nilijua nilikuwa nimemkosea mtu yule, ingawa bado nilimtazama kwa jicho la tahadhari mpaka siku yenyewe.

Tarehe 15, saa nne na robo asubuhi, kengele ikalia. Nilikuwa uani, saa mkononi, natazama mlango wa nyuma. Dakika ya kwanza kimya. Dakika ya pili nikasikia toroli likigonga kitu, halafu vitabu vinaanguka. Dakika ya tatu alitokea Bi Hotta peke yake, nywele zimemtoka kwenye kibanio. Nilipomuuliza wazee wako wapi, alionyesha chini, upande wa bandari.

Wote walikuwa wamekimbilia viatu vyao.

Hakuna aliyewatuma. Miguu yenyewe iliwapeleka kule inakowapeleka kila siku ya maisha yao. Walishuka ngazi ya ndani, wakajipanga foleni mbele ya kabati, kila mtu akimwambia mwenzake "tangulia wewe", "hapana, tangulia wewe". Bwana mmoja msomaji, ambaye hata si wa kikundi, alikuwa ameketi sakafuni akifunga kamba za viatu kwa mafundo mawili. Bi Ikushima alikwama juu, kigari chake hakipiti kando ya toroli, akawa anapaza sauti:

"Mimi ni mtu mzima wa miaka themanini na moja, nifie nyuma ya vitabu vya mapishi?"

Wa mwisho kutoka alitokea dakika ya kumi na moja. Ukijumlisha na zile nane za kilima ni kumi na tisa. Maji yangekuwa yameshafika dakika nne kabla yake.

Huyo wa mwisho alikuwa mama yako. Nilipozunguka mpaka mlango wa mbele sikumkuta akivaa viatu, vyake alikuwa ameshavivaa zamani. Alikuwa amepiga magoti, yale magoti mabovu, anageuza viatu vya wengine kimoja kimoja vitazame mlango.

"Sumie! Unafanya nini hapo?"

"Navigeuza, Kaka, wenzangu wavivae upesi."

"Wenzako wameshatoka!"

Akatazama nyuma yake, akaona kweli hakuna mtu. Vile viatu alivyokuwa akivigeuza vilikuwa vya watu waliotoka na soksi.

Nilishindwa kumgombeza. Bwana Nagamine, ambaye alikuwa ameshuka kumfuata, alimshika mkono wakatoka pamoja. Huko nje, mbele ya watu wote, aliinama kwa wazee mpaka kichwa kikakaribia magoti, akasema kwamba kwa miaka mitatu alikuwa akiwafundisha kutoka katika maktaba isiyokuwepo. Kuna waliolia. Mimi nilijifanya nasoma saa.

Tangu hapo toroli halikanyagi nusu ile ya chumba, na sakafu imechorwa mstari wa manjano. Viatu sasa hupandishwa juu ndani ya mfuko, kila mtu na wake, na hukaa mlango wa nyuma. Mama yako alipinga sana. Alisema viatu kupanda ghorofani ni ushenzi, na kutoka na soksi ni kama mtu aliyefumaniwa. Bi Ikushima akamjibu, "Aliyefumaniwa angalau hukimbia, bibi." Wakacheka, mfuko ukakubaliwa.

Alhamisi iliyopita kengele ililia tena bila taarifa, saa nyingine. Walitumia dakika saba. Watu walinipongeza. Lakini saba na nane ni kumi na tano, mwanangu, kamili, bila hata ya mtu kupiga chafya. Na mama yako, nilimwona kwa macho yangu, alipofika mlangoni aligeuza jozi moja. Jozi moja tu. Kwa hiyo ukimpigia simu Jumapili, usimuulize kama zoezi lilikwenda vizuri. Mwulize aligeuza ngapi. Akiulizwa na mimi hukasirika, akiulizwa na wewe aibu itamshika.

Sasa turudi kwako. Sisemi kwamba watu wa huko ni wazembe. Wazembe ningewaogopa kidogo. Ninaowaogopa ni wakarimu, wale wanaofika asubuhi kabla ya zoezi kufagia njia, kufungua kufuli, kusogeza hiki na kile, ili mambo yaende vizuri. Wewe nawe ni mkarimu, nimekulea nusu ya utoto wako, nakujua. Najiuliza nani alifungua mlango wenu wa dharura kabla ya dakika zenu tatu na nusu kuanza kuhesabiwa. Najiuliza ufunguo unakaa mfukoni mwa nani siku ambayo huyo mtu anaumwa. Najiuliza Januari, theluji ya paa ikiporomokea uani, mlango unaofungukia nje utafungukia wapi. Jina lako ndilo lililo chini ya karatasi, na watu watakaokuwa ndani hawatakuwa wale uliowaalika.

Msalimie Norihisa, mwambie kaki zilizobaki nitamkaushia. Wasalimie wakwe zako wote, hasa mama mkwe na mgongo wake. Huku Mjomba Yasukichi anakusalimu, Bi Ikushima naye, na mama yako anasema uvae soksi za sufu. Nakuombea ardhi itulie chini ya miguu yako, na usiku wako uwe wa kulala bila kushtuka.

Nina ombi moja tu. Leo, barua hii ikiwa bado mkononi, maktaba ikiwa wazi na wasomaji wamejaa, usimwambie mtu yeyote, nenda kwenye mlango wa dharura uusukume kwa mkono wako mwenyewe mpaka ufunguke wote.

Mjomba wako akupendaye na asiyeacha kukuwazia,

Toyozumi Eisaku