Unaitwa Nani?

Jumatatu, 4 Machi 1957

...na hata baada ya mambo ya jana bado nasema hakuna mke kama Bhoke. Nikimaliza kufundisha narudi nyumbani Nkende nusu nikikimbia. Watoto wa shule wananicheka. Wacheke.

Jana kanisani ilimjia tena. Akanyamaza katikati ya wimbo. Macho wazi, mdomo unatafuna hewa. Kisha machozi na tabasamu. Anasema kwanza husikia harufu ya udongo uliolowa mvua, halafu anaitwa, na moyo unajaa Mungu. Jinsi anavyong'aa! Lakini naogopa.

Jumatano, 6 Machi

Imemjia akikoroga uji. Mkono ukaingia motoni. Hakujua.

Mama alimfunga jeraha huku akinisema: "Mwita, umetuletea nabii au mgonjwa? Kama ni kifafa, arudi kwao." Nimekasirika. Sikula.

Bhoke hataki hospitali. Anasema watamnyang'anya Mungu. Nimempigia magoti, mwalimu mzima! Akacheka, akakubali.

Ijumaa, 8 Machi

Nimempeleka hospitali kwa baiskeli, mikono yake kiunoni mwangu. Ningeendesha hadi Musoma.

Daktari Mzungu akamuuliza, "Unaitwa nani?"

Bhoke, ambaye Kikurya ndiyo lugha yake, akajibu taratibu, "Na Mungu."

Muuguzi akaangua kicheko. "Jina, dada! Jina lako!"

Daktari hakucheka. Aliweka kalamu chini, akauliza Mungu humwitaje, na kabla ya kuitwa husikia nini. Bhoke akaeleza yote, hata harufu.

Ni kifafa. Aina isiyoangusha. Huanzia ubongoni, upande wa kichwa, juu ya sikio. Hakiambukizi. Vidonge vipo.

Bhoke akauliza kama basi hakuwa Mungu.

"Najua inapoanzia," daktari akasema. "Anayeita simjui."

Nimelia mbele ya watu. Sijali.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemweleza mama mara mbili. Hakiambukizi, mama. Ndipo akamwita Bhoke, wakala ugali sahani moja. Mke wangu haendi popote! Ningeruka juu ya paa.

Jumapili, 17 Machi

Haijamjia tangu aanze vidonge. Vinampa usingizi. Kanisani ameimba wimbo mpaka mwisho, kisha akasali kama sisi wengine. Nilimuuliza moyoni pakoje sasa. Anasema pametulia, lakini si patupu.

Amesinzia begani kwangu, jua bado lipo. Naandika polepole nisimwamshe. Nimemwahidi kwamba kabla mwezi haujaisha tutakwenda kwao Morotonga kuwaona wazazi wake.